Raba za mtumba, baiskeli ya Kijapani na helmeti mpya: tathmini ya manunuzi yangu Dar es Salaam

Katika muda wa miezi kumi na minne nimenunua jozi tatu za raba za kukimbilia, baiskeli moja na helmeti mbili, na nusu ya vitu hivyo vilikuwa hasara. Ninaishi Dar es Salaam, ninakimbia siku nne kwa wiki na kuendesha baiskeli Jumapili, na mfuko wangu ni wa mtumishi wa kawaida ambaye hawezi kutoa shilingi 400,000 kwa ajili ya kiatu bila kuulizwa maswali nyumbani. Kwa hiyo tathmini hii inahusu soko ninalolimudu, yaani raba za mtumba za soko la Karume na kwingineko, baiskeli zilizotumika kutoka Japani, na vitu vichache ambavyo nimeamua ni lazima vinunuliwe vipya hata ikibidi kusubiri mwisho wa mwezi mwingine.

Jozi ya kwanza niliinunua ikiwa mpya, ndani ya boksi, katika duka ambalo sitalitaja, kwa shilingi 65,000. Bei hiyo peke yake ilitosha kunizindua, kwa kuwa nembo iliyokuwa ubavuni ni ya kampuni ambayo viatu vyake vya mbio huuzwa mara tano ya kiasi hicho, lakini mtu anayetaka kuanza mazoezi kesho asubuhi hujidanganya kwa urahisi. Nilipovuka Daraja la Tanzanite nikiwa nimevivaa, urefu wa kilomita moja na ushei, nilisikia nyayo zangu zikipiga lami kama mtu anayetwanga kisamvu, na baada ya wiki tatu mifupa ya mbele ya miundi yote miwili ilikuwa ikiuma hata ninapopanda ngazi. Soli ya kati ilikuwa plastiki ngumu iliyochongwa ikafanana na povu. Niliviacha viwe viatu vya kwendea dukani.

Somo la lebo nililipata kutokana na hasara hiyo. Raba halisi huwa na kilebo kidogo ndani ya ulimi au ubavuni, chenye namba ya toleo, nchi ilikotengenezwa na vipimo vya mguu kwa mifumo kadhaa. Namba ya toleo ukiiandika kwenye simu inapaswa kukuletea picha ya kiatu kile kile ulichokishika, chenye rangi ile ile, na namba hiyo ya toleo kwenye mguu wa kushoto inapaswa kulingana na ya mguu wa kulia. Jozi yangu ilikuwa na namba ambayo, nilipoitafuta nikiwa nimekwisha kulipa, ilinionyesha kiatu cha mpira wa kikapu cha wanawake. Nilicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka.

Kwenye kilebo hicho hicho kuna kipimo ambacho wanunuzi wengi hukiruka, nacho ni sentimita. Sisi tumezoea kusema "navaa 42", lakini 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Kwenye viatu vya Nike, namba 8 ya Uingereza huandikwa 42.5 na sentimita 27, wakati kwenye Adidas namba hiyo hiyo huandikwa 42 na sentimita 26.5. Mimi sasa ninajua kwamba ninahitaji 27.5, na sokoni ninasoma sentimita kwanza kabla hata ya kutazama rangi. Mguu wenyewe nao ni vizuri upimwe jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama na joto, kwa sababu huvimba kidogo, kama unavyovimba ukiwa kilomita ya kumi na tano. Ukisimama wima ndani ya kiatu, nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono ibaki mbele ya kidole kirefu cha mguu. Asiyeiacha nafasi hiyo atavuna malengelenge na kucha nyeusi.

Jozi ya pili ilikuwa ya mtumba, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Muuzaji aliitoa chini ya meza kwa heshima zote, imefungwa kwenye karatasi laini, akaniambia, "Kaka, hii haijavaliwa hata siku moja, itazame chini." Nikaitazama chini, na kweli, meno ya soli yalikuwa makali kama siku yalipotoka kiwandani. Nikalipa shilingi 70,000 bila hata kuomba apunguze sana. Wiki ya pili, nikiwa maeneo ya Coco Beach alfajiri, nilihisi kitu kinaburuta mguuni, na nilipoinama nikakuta soli ya nje ya mguu wa kulia imeachia kuanzia kisigino hadi katikati, na nyenzo iliyokuwa juu yake inamong'onyoka vidoleni mwangu kama keki iliyokauka.

Muuzaji hakuwa amesema uongo, kwani kiatu kile kweli hakikuwa kimevaliwa. Tatizo ni kwamba kilikuwa kimekaa stoo miaka mingi mno. Soli zilizotengenezwa kwa poliurethani, aina ya povu la plastiki, hunyonya unyevu wa hewani polepole, na unyevu huo huvunja nyenzo yenyewe kwa ndani, kiatu kiwe kinavaliwa au kimelala kwenye boksi. Gundi nayo huchoka kwa joto, na kontena linalosafiri baharini kisha kukaa bandarini halina kivuli. Kiatu kizee kisichovaliwa kinaweza kuwa kibovu kuliko kiatu kilichokimbiwa kilomita mia mbili, na hakuna jicho litakalokuambia hivyo. Itabidi utumie mikono.

Basi jozi ya tatu niliichagua kwa mikono, kutoka kwenye lundo, baada ya kuzikataa jozi kumi na kitu mbele ya kijana mvumilivu ambaye mwishoni alianza kunisaidia kukataa. Kwanza nilibonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, kutokea ubavuni, mbele na kisiginoni: povu zima hubonyea kidogo na kurudi mara moja, povu lililochoka ama halibonyei kabisa ama hubaki na shimo. Kisha nikakunja kiatu kwa mikono miwili, na kikakunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Nikatazama ubavu wa povu, ambako mikunjo midogo mingi kama ngozi ya kiwiko ni ishara ya kilomita nyingi. Nikakiweka mezani na kukitazama kwa nyuma, usawa wa macho, kuona kama kisigino kimelala upande mmoja, kwa sababu kiatu kilichokwisha kupinda kwa mwendo wa mtu mwingine kitakupinda na wewe. Mwisho nikachomeka kucha kwenye mshono wa soli na kuivuta kidogo. Muuzaji akanuna hapo, lakini gundi ilishika.

Jozi hiyo ilikuwa na doa la tope lisilotoka, kamba za rangi mbili tofauti, na soli ya nje iliyolika kidogo upande wa nje wa kisigino. Nilitoa shilingi 45,000. Nimekimbia nayo zaidi ya kilomita 400, zikiwemo 21 za nusu marathoni ya Moshi, ambako njia hupanda kuelekea Mweka na kumkomoa kila aliyezoea tambarare ya Pwani, na bado ninaivaa. Kiatu cha mbio kwa kawaida hudumu kati ya kilomita 500 na 800, kwa hiyo kwa kiatu kilichokwisha kutumika na mtu mwingine sioni sababu ya kulalamika hata kikistaafu mwezi ujao.

Kuhusu viatu vinene vyenye bamba la kaboni ndani, ambavyo siku hizi navyo huonekana kwenye malundo na huulizwa sana na vijana tangu Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna mwaka 2019, ushauri wangu ni kuviacha. Thamani yake imo katika povu jepesi linalochoka mapema, na aliyevitangulia kuvivaa ndiye aliyekula utamu wake. Wewe utabakiziwa bamba.

Sasa baiskeli. Niliitaka yenye kikapu, ile inayoletwa kutoka Japani, ambayo wengi huidharau kwa kuiita ya akina mama, na msimamo wangu ni kwamba kwa mtu anayeanza ni bora kuliko baiskeli mpya ya "mlimani" ya bei hiyo hiyo yenye springi mbele na nyuma. Springi za bei rahisi huongeza uzito na hunesa pale unapotaka nguvu ya mguu iende kwenye gurudumu, ilhali ya Kijapani huja na madigadi, stendi imara, kava la cheni na taa ya dainamo, na mara nyingi gia tatu zilizofichwa ndani ya haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ambako mchanga na chumvi ya bahari havifiki kirahisi. Yangu bado ina kibandiko cha usajili chenye maandishi ya Kijapani kwenye fremu, na sijakibandua.

Ukaguzi wake nao ni wa mikono. Nilinyanyua gurudumu la mbele na kulizungusha nikitazama pengo kati ya ringi na breki, nikashika gurudumu juu na kulisukuma kushoto na kulia kusikiliza gololi, kisha nikapapasa kila kiungo cha fremu kutafuta ufa chini ya rangi. Kwa cheni inayofikika, rula ya inchi 12 inatosha: weka sifuri katikati ya pini ya kwanza, na pini ya 25 inapaswa kuangukia inchi 12 kamili. Ikiwa imevuka kwa 1/8 ya inchi, cheni imekwisha, na huenda imekwisha kula na meno ya gia, kwa hiyo bei unayotajiwa si bei ya mwisho.

Yote hayo niliyafanya, nikalipa shilingi 180,000, na bado nikakosea jambo moja, nalo ni ukubwa wa tairi. Pancha ya kwanza isiyozibika ilinipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Ilala. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu," akainama, akafuta vumbi kwenye tairi kwa kidole kilicholowa mate na kusoma kimyakimya. Akaniuliza, "Nani alikuuzia ya 27?" Tairi lilikuwa limeandikwa 27 × 1 3/8, na pembeni kwa herufi ndogo, 37-609.

Namba hizo ndogo za pembeni ndizo zenye ukweli. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi. Baiskeli za Kijapani za inchi 26 zilizoandikwa 26 × 1 3/8 hutumia 590. Baiskeli za "mlimani" za inchi 26, zilizoandikwa kwa nukta kama 26 × 1.95, hutumia 559, na kwa hiyo hayo mawili hayaingiliani hata kidogo ingawa yote huitwa 26. Ile baiskeli ndefu nyeusi ya aina ya Phoenix, 28 × 1 1/2, hutumia 635. Na 609 ya inchi 27 ni kipimo cha Kijapani ambacho nje ya kwao ni adimu. Nilizunguka Kariakoo kutwa nzima. Duka la tatu lilinipa tairi la 26 na kuniambia "litavutika", na halikuvutika.

Ufumbuzi ulitoka kwa mzee yule yule. Aliniuzia magurudumu mawili yaliyotumika ya 26 × 1 3/8, akahamishia breki ya nyuma, ambayo kwa bahati nzuri hufungwa kwenye haba na haigusi ringi, na breki ya mbele akateremsha raba zake karibu sentimita moja mpaka mwisho kabisa wa tundu la skrubu. Kazi na vifaa viligharimu shilingi 55,000. Nilipomlalamikia kwamba breki ya nyuma hupiga mayowe kila ninapoikamata, alinionya kwa ukali nisije nikaitia mafuta hata tone, akaifungua, akasugua kutu kwa msasa, na mayowe yakapungua ingawa hayakuisha.

Helmeti ya kwanza nilinunua ya mtumba kwa shilingi 15,000, na hilo ndilo kosa ninalolionea aibu. Povu gumu la ndani ya helmeti limeundwa ili livunjike mara moja kwa niaba ya kichwa chako, na ikiwa limekwisha kupata kishindo huko lilikotoka, ufa unaweza kuwa umefichwa na ganda la nje lisilo na mkwaruzo. Nilipong'oa sponji za ndani ili nizifue, nikaukuta ufa huo, mwembamba kama unywele, kuanzia utosini hadi kisogoni. Mpya nilinunua kwa shilingi 85,000, yenye lebo ya kiwango cha Ulaya, EN 1078, na tarehe ya kutengenezwa ndani yake. Kwa kitu hiki sibembelezi bei wala sikubali mbadala.

Jezi, kaptura na soksi za mtumba hazina neno, mradi zisiwe za pamba tupu, kwani pamba huloa jasho na kukuchuna mapajani. Taa nyekundu ya nyuma nunua mpya.

Kwa hesabu ya leo, raba za mtumba zilizopita mtihani wa kidole gumba ningezilipia hadi shilingi 60,000 bila kusita. Baiskeli ya Kijapani yenye 590 kwenye tairi, gia tatu na fremu isiyo na ufa ningeilipia tena 180,000. Yenye 609 nisingezidi 100,000, na kabla ya kutoa hela ningemwomba muuzaji anionyeshe tairi la akiba.