Kichwa gani cha chicha ununue? Nimejaribu vitano kwa makala yetu ya Lubumbashi

Jambo yenu! Karibuni tena hapa lupangoni, uani kwetu. Leo meza imejaa udongo, kama mnavyoona. Sina chupa mpya ya kuwaonyesha wala mpira wa kuvutia moshi. Ni vichwa vitano tu vya chicha, wengine mnasema shisha, hiki kibakuli cha juu ambamo tumbaku inakaa, na makala yanakaa juu ya tumbaku. Makala, ninyi wa Dar mnaosema mkaa, msije mkadhani nazungumzia gazeti.

Kila wiki naulizwa: "Yaya, chicha yangu inakwaruza koo, ninunue nyingine?" Subiri. Kabla hujatoa dola zako, niambie umevalisha kichwa gani.

Neno moja kwanza. Video hii ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta. Kama huvuti, usianze kwa ajili yangu. Na ule uongo kwamba maji yanasafisha moshi tuuache pale getini. Maji yanaupoza tu, nikotini na sumu ya makala vinapita kama kawaida. Shirika la Afya Duniani lilishasema saa moja ya chicha inaweza kukuingizia moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, kwa ujazo. Mmesikia kwangu, msiseme nilificha. Twende.

Hiki cha kwanza kila mtu anacho, cha kimisri. Udongo mtupu uliochomwa, haukupakwa kitu, na chini matundu matano. Ndicho kinachokuja ndani ya boksi ukinunua chicha ya bei ndogo. Nakisogeza karibu na kamera, angalieni. Nadondosha tone la maji hapa pembeni. Moja... mbili... tatu. Limekwisha, udongo umelinywa. Ndivyo utakavyoinywa na asali ya tumbaku, kwa hiyo ukivuta mnanaa Jumamosi, Jumapili utaukuta ndani ya tufaha lako. Kuna wazee wa chicha wanaopenda hivyo, wanatenga kichwa kimoja kwa ladha moja na hawakioshi kwa sabuni hata siku moja. Siwalaumu, hata sufuria ya zamani ina utamu wake.

Shida yangu na hiki ni yale matundu. Tumbaku ya chicha imelowa molasi na gliserini, na ikipata joto lile rojo linalainika linatafuta njia ya kushuka. Tazameni, hii nguzo ya chicha, lile bomba linalobeba kichwa na kushuka ndani ya maji, niliitumia jana usiku na kichwa hiki hiki. Napitisha kitambaa cheupe ndani... ndiyo hii. Rangi ya chai ya rangi, na kinanata kwenye vidole. Ladha uliyonunua imeshuka kwenye maji, na kule juu yamebaki majani makavu yanaungua. Koo linakwaruza kwa nini? Ndiyo hiyo sababu. Chicha yenyewe haina kosa.

Cha pili, watu wanakiita faneli. Ninyi wa Lubumbashi mkichungulia ndani mtacheka, maana ni lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya shaba, limesimama katikati ya uwanja. Hakuna tundu chini. Tundu ni moja, kwenye kilele cha hilo bomba, na tumbaku inakaa kulizunguka. Rojo likiyeyuka halina pa kwenda, linabaki, na tumbaku inaiva ndani ya mchuzi wake. Hiki kimepakwa ule utando wa kung'aa, kwa hiyo tone la maji linateleza juu yake kama juu ya sahani. Unaosha, ladha ya jana imekwenda.

Lakini faneli ina adabu zake. Usijaze tumbaku mpaka ikafunika kilele, na karatasi ya aluminiamu, ile inayofunika kichwa chini ya makala, ivutwe ikaze kama ngoma. Mara ya kwanza mimi niliilegeza. Joto likaja, karatasi ikabonyea, ikaziba lile tundu moja, nikavuta hadi mashavu yakauma, hakuna hata uzi wa moshi. Wageni wananiangalia, nami najifanya natafuta kiberiti. Acha milimita mbili au tatu kati ya tumbaku na karatasi. Tumbaku ikigusa karatasi inaungua, haina mjadala.

Na ukubwa, jamani. Mtu anakuja kununua kichwa kikubwa kama bakuli la supu ili apate moshi mwingi. Kichwa kikubwa kinakula gramu 20 na zaidi, halafu kinataka makala mengi juu. Ukiweka vipande viwili, katikati inaungua, pembeni ni mbichi, na tumbaku nusu unaitupa. Kama mnavuta wawili, chukua kidogo cha gramu 12 hadi 15.

Hapa sasa ndipo nilipotaka kufika. Hiki chekundu ni cha shaba. Tuko Katanga bwana, lazima mtu ajaribu! Ndugu yangu mmoja fundi alinitengenezea kwenye mashine yake, na shaba ilitoka wapi msiniulize. Kizuri kuliko vyote mezani. Nilikipiga picha kabla ya kukiwasha, na nilifanya vizuri, maana baada ya kukiwasha sikutaka tena kukiona. Dakika kumi tumbaku imekuwa nyeusi. Nilipotaka kukiondoa nikaacha ngozi ya kidole hapo ukingoni.

Sababu si uchawi. Shaba inapitisha joto mara mamia kuliko udongo, na umeme nao inaupitisha vizuri, ndiyo maana nyaya zinatengenezwa kwa madini haya haya yanayotoka chini ya miguu yetu. Aluminiamu haifiki shaba, ila nayo inakimbiza joto vibaya. Mama yeyote anajua: sufuria nyembamba inaunguza maharage chini huku juu bado magumu, chungu kinapika polepole hadi ndani. Tumbaku nayo inataka kupikwa hivyo. Ikichomwa imeharibika.

Na sisi hapa tunahitaji udongo kuliko wale wa Ulaya. Kwa nini? Makala. Zile video mnazotazama, mtu ana vipande vya makala ya vifuu vya nazi vya milimita 25, vyote sawasawa, vinawaka taratibu saa nzima kwenye jiko la umeme. Wewe umeme umekatika tangu saa kumi, una mbabula, jiko letu la makala, na una makala ya miti yaliyoingia mjini alfajiri juu ya baiskeli ndani ya magunia. Kipande kimoja kikubwa, kingine unga. Yanakuja na joto kali, yanarusha cheche, halafu yanakufa ghafla. Kichwa chembamba kinafuata kila hasira ya makala hayo. Udongo mnene unameza joto likizidi, unalirudisha makala yakipoa. Mimi hapo ndipo naangalia, unene wa ukuta kabla ya rangi. Ukiweza kupata vya nazi, pata. Vile vya kuwashwa kwa kiberiti mara moja, vinavyochechemka, mimi siviweki hata kwa bure, vinanuka hadi mwisho.

Makala yawake nje, yakolee yote mekundu ndipo uyalete. Na usije ukajifungia chumbani nayo kwenye baridi ya Juni. Ile gesi ya makala haina harufu, haikupi taarifa, inakulaza tu.

Cha silikoni, hiki cha buluu, sina mengi. Kikianguka hakivunjiki, chukua kama unasafiri au una watoto wanaokimbia lupangoni. Ladha yake ni ya kawaida, na kaa la moto likikigusa moja kwa moja kinanuka plastiki.

Nimebakiza hiki kibaya. Kibaya kwa macho, eeh? Kimefinyangwa na mama mmoja mfinyanzi, kwa udongo wa kichuguu, ule ule tunaopigia matofali. Nilimpelekea faneli yangu kama mfano. Kimelala upande kidogo, tundu haliko katikati, na chini hakikuingia kwenye nguzo, ikabidi nifunge utepe wa tyubu ya baiskeli ili hewa isivuje. Kinanyonya ladha kama cha kimisri. Lakini ukuta wake ni mnene karibu mara mbili ya vingine, na kwa makala ya mbabula ndicho kilichonivutisha muda mrefu kuliko vyote, bila kukwaruza. Sikutegemea.

Ukienda sokoni, fanya kama unavyonunua chungu. Kishike kwa vidole vitatu, kigonge kwa ukucha. Sikilizeni, ting. Kizima hicho. Sasa hiki... tok. Kina ufa usioonekana, kitapasuka siku ya wageni. Halafu kwaruza ule mng'ao kwa ukucha. Niliwahi kuuziwa kichwa kinachong'aa kama gari jipya, kumbe kimepakwa rangi ya mafuta ya nyumba. Kilipopata moto ilikuwa kama tunavuta moshi wa mlango uliopakwa rangi. Na beba nguzo yako au angalau kile kipira cha kuzibia hewa kati ya kichwa na nguzo, ujaribu pale pale mbele ya muuzaji.

Hela ya kichwa kimoja tu? Faneli ya udongo, nene, ya kung'aa, ndogo. Cha kimisri baki nacho kwa ladha moja. Cha shaba ndugu yangu ameshakidai, anasema atapandia maua.

Naona kule makala yamekolea, na mama mwenye nyumba ananiangalia kwa ile mbabula yake. Ngoja nimrudishie apike bukari, ugali wetu. Niandikieni hapo chini mnatumia kichwa gani.