Tahadhari: fomaika ya yule jamaa wa begi ni stika

Jamani, yule fundi wa begi anayebandikia watu fomaika, lile bapa jembamba gumu la juu ya kaunta za jikoni, bado anazunguka Kisauni na Bamburi hapa Mombasa. Mwizi mkubwa.

Anakuja na kibao alichokwisha kukibandika, anakimwagia maji, anakipangusa, anakikwaruza kwa funguo, kra kra kra, hakichubuki. Halafu anakupa hizo funguo ukwaruze mwenyewe! Nani asingeamini? Na kibao kile kweli ni fomaika. Kinachobandikwa kwenye kaunta yako ni stika ya plastiki, na kopo lake la gundi limejazwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Na anakutoza shilingi elfu tatu na mia tano, wallahi aibu. Ukitua sufuria ya wali inayotokota, ukiinyanyua inapanda na stika.

Gundi nyeupe hukauka maji yake yakitoka. Juu kuna plastiki, yatoke wapi? Yanazama kwenye chipubodi, ule ubao wa chembe za mbao ulio chini yake, nayo pale kando ya sinki inafura kama hamri. Chipubodi ikishafura hairudi, hata uikandamize kwa tofali. Ni kukata na kutia kipande kipya.

Fomaika iliyobanduka ukingoni haihitaji fundi wa begi. Ipashe kwa draya ya nywele, iinue polepole isikatike. Zima draya na gesi, fungua madirisha, ndipo utoe gundi kuukuu kwa thina. Iache ikauke hasa. Kwa unyevu wetu wa pwani, siku nzima na feni. Paka gundi ya kontakti pande zote mbili, ngoja dakika 10 hadi 20 mpaka isishike kidole, kisha kandamiza kwa kibao kilichofungwa kitambaa, kutoka ndani kuja nje. Lenga vizuri, maana zikigusana hazisogei tena. Kando ya sinki ziba kwa silikoni.

Fomaika ya kweli mgongo wake ni wa kahawia, unene hauzidi sana milimita 1, na ukiikunja kwa nguvu inakatika. Ikikunjika kama kitambaa cha meza, mfukuze. Kopo lililokwisha kufunguliwa pia. Gundi ya kontakti yenyewe huwa ya manjano, harufu kali.

Akionekana, ashikwe apelekwe kwa chifu na begi lake, arudishe pesa za watu shilingi kwa shilingi, na hizo stika azibandue yeye mwenyewe, jiko baada ya jiko.