Kusaga valvu kunasaidia au pesa inakwenda bure? Mie yamenikuta

Naandika bado nna hasira kwa hiyo mnistahamilie. Miezi kadhaa nyuma Carry yangu ya mizigo ilianza kuchoka, mie nabeba saruji na mchele huku Pemba kutoka bandarini Mkoani naleta Chake, na anaeijua Mkoani anajua ukitoka bandarini tu unaanza kupanda, basi ule mlima gari ikiupanda kwa gia ya kwanza inatetemeka kama mtu ana homa, na asubuhi silensa, yaani ule mngurumo wa gari ikiwa imesimama, haikai, inazima. Nkaipeleka gereji moja, siitaji. Fundi akapima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, silinda moja ipo chini kabisa, akatia oili kidogo mle ndani akapima tena haikupanda, akasema ringi, zile pete za pistoni, hazina ubaya, valvu, vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutoa moshi, ndo zinavujisha. Hapo sina neno nae.

Hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ikafunguliwa, valvu zikasagwa zikae sawa kwenye siti, pale zinapokalia zikifunga. Siku ya kurudisha nimesimama pale nkamwambia taratibu tu, fundi, kabla hujafunga hebu ipindue utie mafuta ya taa tuone kama zinashika. Jamani! Kanitazama toka juu mpaka chini mbele ya vijana wake na wateja, akasema "Wewe ndo fundi au mie ndo fundi? Ukijua si ungesaga mwenyewe." Mie mtu mzima nna wajukuu, gari yangu, pesa yangu, nimeomba jambo la dakika chache. Vijana wakacheka. Nkanyamaza, lakini neno lile likinijia usiku usingizi unaruka.

Wiki mbili tatu gari ilikwenda vizuri, siwezi kusema uongo, nkawa nawaambia watu valvu ni dawa. Halafu ikarudi kule kule, hapo nkatangaza kila maskani kwamba kazi ya hedi ni wizi mtupu, bora ununue injini ya mtumba. Hilo nlikosea.

Mzee mmoja wa Wete ndo alieifungua tena. Tepeti, vile vinavyosukuma valvu zifunguke, zimebanwa mno, valvu ya ekzosi haifungi sawasawa, akanieleza valvu ile inapoa pale inapokaa kwenye siti, isipokaa inaungua, na kweli ukingo umelika. Na ile dawa ya kusagia ipo bado kwenye gaidi, kile kibomba valvu inamopita, hata kuoshwa haikuoshwa, wallahi, kitu kinachokwangua chuma kimeachwa ndani ya injini ya mtu! Mzee akatia valvu mpya, akasaga mpaka ikatokea ile pete ya kijivu mzunguko mzima, akapindua hedi akatia mafuta ya taa bila ya kuambiwa, tukaenda kusali alasiri tukarudi hata tone halijapita. Nafasi ya tepeti akaipima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, injini imepoa. Nlitaka kulia.

Sasa Mkoani napanda na gia ya pili na mzigo juu. Nguvu mpya haikupata, asikudanganye mtu, imerejeshewa zake ilizopoteza. Kwa hiyo inafaa? Inafaa sana, ila kama ringi zako zimekwisha usihangaike na hedi peke yake, oili itaendelea kuliwa vile vile.

Nlitaka kusema labda yule wa mwanzo alikuwa na haraka zake siku ile, binaadamu tena, lakini hapana, kikombe kimoja cha mafuta ya taa! Valvu ilioungua ninayo, nimeifunga kitambaani nimeiweka garini, na siku nkipita pale naiweka juu ya meza yake mbele ya vijana wale wale.