Sufuria ya alumini au chungu?

Wengi husema chungu hukaa na moto kwa sababu udongo unameza joto kuliko alumini. Sivyo. Kilo moja ya alumini huhitaji jouli 900 hivi ili ipande nyuzi 1 ya Selsiasi, na udongo uliochomwa hauko mbali na hapo. Siri ni uzito: chungu cha kilo 2 kinataka joto karibu mara nne ya sufuria ya nusu kilo. Tena udongo hupitisha joto polepole.

Kwa hiyo chai ya asubuhi, sufuria haina mpinzani. Mkaa kidogo tu unatosha. Lakini ipua maharage ya nazi: kwenye chungu yataendelea kutokota, povu likipasukapasuka ukingoni, wakati ya sufuria yameshanyamaza.

Sufuria ikianguka hubonyea. Chungu hupasuka, hata kwa kumwagiwa maji baridi kikiwa cha moto.

Kama nyumbani mnakula kwa zamu, chungu kitawafaa. Mpangaji wa chumba kimoja anayepima mkaa kwa kopo, achukue sufuria.