Blue Line mpaka Forest Park, halafu baiskeli kwenye njia ya treni iliyokufa

Blue Line, treni ya umeme ya jiji hapa Chicago, upande wa Forest Park (mji mdogo magharibi reli inapoishia), napanda mwaka wa saba huu, kwenda kazini na kurudi, na sijawahi kukaa chini kuiandikia maoni maana kitu cha kila siku macho yanakizoea. Mwezi uliopita akaja mjomba kututembelea, mzee wa reli, amestaafu kule Tabora, nikampokea O'Hare tukapanda treni moja mpaka nyumbani bila kubadilisha (hilo peke yake ni jambo zuri sana, kutoka uwanja wa ndege mpaka upande wa pili wa jiji unakaa kiti hicho hicho). Kule mwanzo treni inapopita katikati ya haiwei ya Kennedy mzee alinyamaza tu anaangalia, mjini tukaingia chini ya ardhi, tulipotokeza kwenye mwanga karibu na kituo cha UIC-Halsted akakuta tena magari kulia magari kushoto, akanigusa bega.

"Mwanangu, hii reli nani kaileta katikati ya barabara?"

Nikamwambia mjomba, huku tuliko sasa reli ndo ya zamani, barabara imekuja baadae ikaikuta. Akageuka akanitazama vizuri. Na hapo ndo maongezi yetu ya siku tatu yalipoanzia, na ndo maana naandika, kwa sababu hii huduma huwezi kuipa nyota ukaondoka bila kujua imefikaje hapo ilipo.

Kwa mlioko Dar picha ya haraka ni hii: chukua mwendokasi inavyokata katikati ya Morogoro Road, badala ya basi weka treni ya umeme, halafu barabara yote ichimbwe chini kama mtaro mpana, mitaa na madaraja yabaki juu, abiria anateremka kwa njia ndefu ya mteremko mpaka kwenye jukwaa jembamba, magari yanamfyatukia pande zote mbili. Hiyo ndo I-290, jina rasmi Eisenhower, wenyeji wanaiita Ike.

Uzuri wake kwanza. Inatembea masaa 24. Sisi tunaotoka kazini saa tisa usiku tunajua maana yake, hakuna kubembeleza mtu akufuate na gari, hakuna kulipa teksi nusu ya ulichoingiza. Pili, jioni pale Ike inapobanwa, hasa kuelekea Austin na Harlem ambako njia za magari zinapungua na pa kutokea pamewekwa upande wa kushoto badala ya kulia, treni inapita tu pembeni ya foleni na unawaona watu kwenye magari yao wameegemeza vichwa kwenye usukani, we uko kwenye kiti unasoma. Mjomba alifurahia zaidi pale kabla ya Austin ambapo treni inazama chini ya njia za magari na kutokeza upande wa kusini, kuanzia hapo iko pembeni sio katikati tena, na jirani yake kuna reli za treni ya mizigo. Aliona kabla sijamwonyesha. "Hapa walikosa nafasi," akasema, na ni kweli, pale Oak Park na Forest Park walikuwa wanabana haiwei, treni ya abiria na treni ya mizigo kwenye ukanda mmoja, Forest Park mpaka makaburi yalihamishwa.

Sasa majukwaa. Hapo siwezi kudanganya. Waliochora hii kitu miaka ya 1950 walifikiria gari zaidi ya mtu aliyesimama anasubiri, maana kelele za matairi hazikatiki, ukipiga simu nyumbani mama anadhani uko kwenye mashine ya kusaga, wakati wa baridi upepo unakuja na vumbi la chumvi wanayomwaga barabarani, na kufika tu jukwaani ni mwendo kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa sokoni. Halafu kuna vituo vitatu, California, Kostner na Central, vilifungwa 1973 na havijafunguliwa tena, wa mitaa ile wanaiona treni inapita pale chini lakini lazima watembee mpaka kituo cha mbele au cha nyuma. Reli imebaki ila mtaa imeukwepa. Zamani ilipokuwa juu kwenye nguzo, vituo vilikuwa kwenye maduka na nyumba za watu, ulishuka ngazi uko mtaani kwako.

Na hii ya zamani ndo mjomba alitaka kuijua yote. Ilifunguliwa 1895, kampuni iliitwa Metropolitan, na toka mwanzo walitumia umeme. Tawi la kwenda magharibi, ambalo nafasi yake ndo imechukuliwa na hii Blue Line yetu, likaitwa Garfield Park. Wazo la barabara kubwa ya Congress, ambayo ndo hii Ike, nalo sio la jana, lilikuwemo kwenye mpango wa jiji aliouchora Burnham 1909, na posta kuu iliyokamilika 1932 ilijengwa na uwazi katikati yake kabisa wakisubiri barabara ambayo haipo, leo magari yanapita ndani ya lile jengo. Ujenzi wenyewe ulianza 1949. Watu kama 13,000 walihamishwa, na reli ya Garfield Park kwa kipande cha kilometa kama 4 ilikuwa imekaa pale pale haiwei inapotaka kupita.

Wakasema tutaihamisha kwa muda. Septemba 1953 treni zikashushwa chini kwenye mtaa wa Van Buren, usawa wa barabara, reli zimetandikwa kando ya mtaa, na kwenye makutano treni inasimama taa nyekundu kama daladala. Treni, ya mabehewa, inasubiri taa! Mjomba hapo alishika kichwa. Huo muda ulikwenda mpaka tarehe 22 Juni 1958, karibu miaka mitano.

Sasa sehemu inayoniuma. Juu ya zile nguzo za Garfield Park kulikuwa kunapita treni nyingine pia, ya kampuni ya Chicago, Aurora and Elgin, iliyoanza 1902, inatoka miji ya mbali huko magharibi, Aurora, Elgin, Wheaton, treni ya umeme yenye kasi, na abiria wake walikuwa wanakaa kwenye siti kule kwao wanashuka katikati ya jiji. Walipoambiwa mpite Van Buren kwenye taa, kampuni ikakataa, ratiba yao ingekufa. Kuanzia 20 Septemba 1953 treni zao zikawa zinaishia Forest Park, abiria anashuka, anahamia treni ya jiji, ambayo nayo inakwenda kusimama kwenye taa. Haikuchukua muda wakapoteza karibu nusu ya abiria. Mjomba wala hakushangaa, alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia kazi yake ya miaka 30, "Abiria ukimshusha njiani na mzigo wake, kesho anatafuta basi, na akishalizoea basi harudi."

Na walitafuta kweli, wengi walihamia treni za Chicago and North Western zilizokuwa zinapita sambamba hazijaguswa na haiwei, wengine wakanunua gari. Kampuni ikawa inaomba ruhusa ya kusimamisha treni za abiria, na tarehe 3 Julai 1957 mahakama ikairuhusu, na hapo hapo mchana, saa sita na dakika kidogo, wakasimamisha. Sio kesho yake, siku ile ile. Watu waliokuja mjini asubuhi kazini, jioni wakafika Forest Park hakuna treni ya kurudi nyumbani. Mi hii habari kila nikishuka Forest Park huwa inanijia, namfikiria mtu amesimama na mfuko wake wa chakula cha mchana, kesho ni sikukuu ya Julai 4, watoto wanamsubiri Wheaton. Na reli mpya katikati ya haiwei ilipofunguliwa Juni 1958, treni za Aurora zilikuwa zimeikosa kwa chini ya mwaka mmoja. Mizigo iliendelea mpaka 1959 nayo ikaisha.

Jumamosi tukaenda kuiona hiyo njia. Kama hamjawahi, hii naipa nyota tano bila kufikiria: Illinois Prairie Path. Inaanzia Maywood, ng'ambo ya mto Des Plaines ukitokea kituo cha Forest Park, ni mwendo mfupi kwa baiskeli. Ni tuta lile lile la reli, limegeuzwa njia ya miguu na baiskeli, karibu kilometa 98 kwa jumla ukiweka na matawi yake, bure. Baiskeli tulikodi duka moja silitaji jina, ya mjomba mnyororo ulikuwa umelegea ukachomoka mara mbili, kwa hiyo kagueni kabla ya kulipa, zungusheni pedali kwa mkono kwanza. Yeye hakulalamika, mtu wa Tabora na baiskeli wanaelewana, aligeuza ikae chini juu, akaurudisha kwa kijiti, tukaendelea.

Njia ilivyo: mwanzo Maywood na Bellwood unakatisha mitaa mingi, taa, makutano, ukifika Elmhurst na Villa Park inatulia, miti pande zote, changarawe laini ya chokaa iliyoshindiliwa, matairi yanatoa sauti ile ya kusaga taratibu. Na ni tambarare kabisa. Mjomba alinieleza kwa nini, kwamba treni haipendi mlima, aliyejenga tuta alishakata vilima na kujaza mabonde zaidi ya miaka 100 iliyopita na sisi ndo tunakula jasho lake. Kwenye kona alikuwa anasimamisha baiskeli anaangalia upinde ulivyo mpana, anasema hapa dereva hakupunguza mwendo. Villa Park stesheni zimebaki, ile ya Villa Avenue ndo makumbusho ya historia ya mji, tukakaa nje yake tukala maandazi tuliyobeba. Alisimama ukingoni ambapo abiria walikuwa wanapandia, akanyoosha shingo kushoto, akanyoosha kulia, kama wanavyofanya watu wa reli wote hata kama hakuna treni.

Hii njia ilipatikana kwa sababu mama mmoja mtaalamu wa mimea, May Theilgaard Watts, aliandika barua kwenye gazeti la Chicago Tribune Septemba 1963 kwamba lile tuta lisiachwe likamegwa, liwe njia ya watu wa miguu, na watu wa kujitolea wakaifanyia kazi. Ni kati ya reli za kwanza kabisa Marekani kugeuzwa hivyo. Nashukuru sana kwa ile barua. Ila nikiwa juu ya baiskeli naona na upande wa pili, kwamba ile ilikuwa treni inayobeba watu wa kazi kila siku, na leo mtu wa Villa Park au Bellwood anayefanya kazi mjini ile treni hanayo tena.

Naliongelea hili kwa uzito maana haliko kwenye vitabu tu. I-290 hii hii upo mpango wa jimbo ulioidhinishwa 2017 wa kuijenga upya na kuongeza njia za magari, na reli ya Blue Line iko humo humo kwenye mtaro. Mwaka 2023 walifunga kipande cha karibu na mjini miezi michache kubadilisha reli zilizochoka, mabasi yakawa yanabeba watu, kikafunguliwa mwaka ule ule, na watu wakarudi kupanda. Ivo ndo inavyotakiwa. Wakija kuigusa haiwei waandike tarehe ya kumaliza, na treni isikatwe katikati ya safari ya mtu hata kama ni kwa muda, maana Van Buren nayo ilikuwa kwa muda.

Nyota zangu: treni yenyewe nne, majukwaa ya kwenye haiwei mbili, Prairie Path tano. Nendeni asubuhi, bebeni maji, wenye watoto anzieni Elmhurst msianzie Maywood kwa sababu ya makutano.

Tuliishia Wheaton, pale njia inapogawanyika moja inakwenda Elgin nyingine Aurora, kama reli ilivyokuwa. Mjomba miguu ilikuwa imechoka, nikamwambia turudi kwa Metra, treni ya abiria wa miji ya pembeni, baiskeli wanaruhusu. Tukiwa tumeshakaa, treni imeng'oka, akauliza hii nayo ni reli ya nani. Nikamwambia ndo ile ya North Western, mjomba, ile waliyoihamia. Akaangalia dirishani kitambo.

"Hii hawakuihamisha."

Hapana mjomba, hii waliiacha. Akavua kofia akaiweka magotini, akawa anahesabu stesheni kwa vidole mpaka tukashuka Oak Park.