Vichwa Viwili vya Treni Kutoka Karakana Moja ya Langoni, Lamu

Lamu haina reli, na fundi aliyenichongea mifano hii miwili ya mbambakofi amezoea milango na majahazi. Nilimpelekea picha za kichwa cha mvuke cha aina iitwayo daraja la 59, kilichoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester kwa reli ya Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956, pamoja na picha za kichwa cha umeme cha Uswisi kiitwacho Mamba, kilichoundwa kuanzia 1919 kuvuta mizigo ya njia ya reli ya milimani ya Gotthard.

Kilichonivutia zaidi ni fimbo za magurudumu. Mota za umeme za siku zile zilikuwa kubwa na nzito, kwa hiyo wahandisi waliziweka ndani ya pua mbili ndefu za Mamba, kisha wakaipeleka nguvu yake magurudumuni kwa fimbo za chuma, kama walivyozoea katika mvuke. Ila fimbo za mvuke husukumwa na pistoni iendayo mbele na nyuma, na hizi za Mamba huzungushwa na mhimili unaopokea nguvu ya mota, usiogusa reli. Ukiusukuma mfano kwa kidole, magurudumu matatu ya kila pua huzunguka kwa pamoja bila kukwama.

Mara ya kwanza fundi aliuchonga mhimili huo kama gurudumu, ukakanyaga reli. Nilipomweleza aliuliza, "Sasa huu wafanya kazi gani ikiwa haukanyagi?" Nikamwonyesha picha, akauchomoa, akaupandisha kadiri ya unene wa sarafu, wala hakuongeza bei.

Daraja la 59 amelipatia kabisa: boila nene katikati, tangi la maji mbele, mafuta nyuma, na maungio mawili yanayopinda penye kona. Vikiwekwa sambamba, unaona kwamba Mamba naye hupinda pahali pawili, lakini kwa kuwa habebi maji wala mafuta, sehemu yake ya kati imebaki kwa transfoma na vyumba viwili vya dereva, kila kimoja kikitazama upande wake.

Udhaifu uko kwenye pantografu za paani mwa Mamba, yaani mikono inayopokea umeme kutoka nyaya za juu, ambazo katika mfano huu ni waya laini wa shaba na hupinda hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Nililipa shilingi 9,500 kwa vyote viwili na kungoja wiki tatu, na kwa kazi hii naona ni haki. Anayevisafirisha kwa boti hadi Mokowe, gati la upande wa bara, amwombe fundi azing'oe pantografu na kuzifunga kando.