TAHADHARI: anayeuza mazabodi (bodi kuu za kompyuta) kwa maneno ya "1151 ni 1151"

Kompyuta yangu haijawaka, na kwa vitu nilivyouziwa haitawaka. Hasira niliyonayo, mtanisamehe.

Jamaa alinipigia kwa video. Nikiwa natazama, akainua mkono wa soketi (tundu la kukalia prosesa) kwenye mazabodi ya H110, akashika prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i5-8400 kwa vidole viwili, akaiteremsha taratibu. Ikakaa tuli. Akarudisha mkono, kwaa! "Umeona bosi? Soketi 1151, prosesa 1151. Zingekuwa hazipatani, ingeingia?" Akapaka dawa ya joto, akafunga feni, anaongea huku anatabasamu. Nani asingeamini hapo? Namba nilizitafuta mwenyewe, kote 1151. Na si mtu wa kubabaika, mpaka kasi ya RAM alinitajia bila kuulizwa.

Kuwasha sasa. Feni zinazunguka, kioo cheusi. Badilisha RAM, badilisha waya wa kioo, toa betri ya bayosi (programu inayoamsha kompyuta), rudisha. Cheusi. Nampigia, ananiambia pawa saplai yangu dhaifu, na yeye anayo nyingine ya kuniuzia! Huyo mtu ana roho gani?

Fundi hata hakuifungua. H110 ni ya kizazi cha 6 na cha 7. i5-8400 ni kizazi cha 8, ya mwaka 2017, inataka mazabodi za mfululizo wa 300 kama H310 au B360. Tundu ni lile lile kwa macho, lakini pini za umeme zimepangwa upya na bayosi ya H110 haiijui hiyo prosesa. Muuza vifaa asijue hilo? Anajua vizuri sana! Nilipomwambia kanifungia simu, na tangazo la hiyo "kombo" bado analo. Afungiwe akaunti, arudishe hela za watu, akalale ndani kidogo.

Ah, na dalili: nilimwomba awashe nione bayosi, akadai pawa saplai yake kaazimwa (huku anayo ya kuuza!). Kibandiko cha modeli kimebanduliwa. Tena anatangaza bodi ya soketi AM4 eti inapokea "Ryzen yoyote" (prosesa za AMD), wakati Ryzen 7000 za kompyuta za mezani ni za soketi AM5, haziingii hata kwa nyundo.

Mazungumzo yote nimeyapiga picha. Kama na wewe kakuliza, njoo inbox tukaripoti pamoja.